Siku Mama Alipozindua Albamu Yetu Kanisani

Hii sijawahi kumsimulia mtu kwa mdomo, kwa sababu najijua, nitafika katikati nianze kuangalia viatu vyangu na kusema "basi tu, ilikuwa hivyo," kwa hivyo wacha niiandike, na marafiki nitakaowapa wasome naomba wasinitazame usoni wakimaliza. Kwa ufupi ni kwamba nilimwaibisha mamangu mbele ya kanisa letu lote huku Yamumbi, pembeni mwa mji wa Eldoret, kwa sauti yangu mwenyewe, nikiwa nimevaa joho la kwaya, na mdomo wangu ukiwa umefungwa kabisa. Najua haieleweki. Itaeleweka.

Mimi ni mtu wa haya. Si zile haya za wasichana wanaoficha uso huku wanacheka, ni zile za kupita nyuma ya ploti ya jirani ukanyage matope ili usimsalimie. Kidato cha nne nilimaliza mwaka jana na sidhani mwalimu wa historia aliwahi kujua jina langu (aliniita "wewe wa dirisha" miaka minne, na mimi niliitika). Kwa hivyo watu wakiambiwa niko kwa bendi ya roki wanadhani ni mzaha, lakini niko. Tuko watatu. Brayo anaimba na kupiga gitaa, Kibet anapiga ngoma, na mimi napiga besi nikiwa nimesimama nyuma ya Kibet, tena maneno ya nyimbo karibu zote ni yangu, maana kuandika hakuhitaji mtu akuangalie.

Mazoezi tulikuwa tunafanyia kwa kina Kibet, Kapseret, ndani ya stoo ya nyasi kavu za ng'ombe. Yale marobota ya nyasi yanameza kelele vizuri kuliko ukuta wowote, na babake Kibet alituruhusu mradi tuache wakati wa kukamua kwa sababu alisema ng'ombe wakisikia gitaa wanazuia maziwa. Albamu nzima tuliirekodi humo kwa kompyuta ya Brayo, tukisikia ndege inakuja kutua tunanyamaza, ikipita tunaanza tena. Tulipoiweka mtandaoni tulidhani itasikilizwa na binamu zetu. Sijui ilitokea nini. Redio moja ya hapa mjini ikacheza wimbo mmoja, wanafunzi wa chuo wakaushika, halafu boda boda wakaushika, halafu mtu wa Nairobi akaandika kwamba hajasikia kitu kama hicho kutoka Eldoret, na kabla hatujajua la kufanya tulikuwa tunaalikwa kupiga mahali ambapo hata nauli hatukujua ni ngapi. Wimbo uliobeba albamu yote ulikuwa "Juba ni Hapo Tu," na ni mmoja tu katika albamu nzima ambao nimeimba mimi.

Sasa hapa ni lazima niseme habari ya Baba, bila hiyo hamtaelewa chochote.

Baba ni fundi wa matrekta. Yeye na Mama walitoka upande wa ziwa wakaja Eldoret kabla sijazaliwa, na Mama ni karani katika duka la mbegu na mbolea mjini. Miaka mitatu hivi iliyopita Mama alituambia, mimi na ndugu yangu mdogo Odhis, kwamba Baba amepata kazi Juba, kazi nzuri ila mtandao huko ni mbaya, ndiyo maana hapigi simu. Akaliambia kanisa hivyo hivyo. Kuanzia hapo kila Ijumaa kwenye maombi ya kina mama, Mama Sharon, ambaye ndiye mwenyekiti wao, alikuwa anaomba kwa nguvu kwa ajili ya Baba Akinyi (Akinyi ni mimi) huko ugenini, Mungu amfunike asipatwe na risasi wala malaria, na Mama anajibu amina. Kanisani kwetu mke ambaye mumewe yuko kazini mbali ana heshima yake, anakaa mbele, anapewa kazi za kuaminiwa. Mke ambaye ameachwa pia anahurumiwa sana, lakini anahurumiwa akiwa amekaa nyuma.

Halafu siku moja ya soko nilienda Ziwa (si ziwa la maji, ni senta ya soko huku kwetu) na kina Kibet kwa pikapu yao, walikuwa wanapeleka ndama. Nikamwona Baba. Alikuwa amesimama kando ya kibanda cha mama mmoja wa viazi, amebeba mtoto, na huyo mtoto alikuwa amevaa kofia ya Baba ile ya kahawia imemfunika mpaka macho. Baba aliniona. Hakuniita. Alimrekebishia mtoto kofia, akageuka polepole kama mtu aliyekumbuka kitu, akaingia ndani ya kibanda. Ziwa kutoka kwetu si mbali, unaenda asubuhi unarudi mchana. Nilimwambia Kibet jua limeniumiza kichwa, nikalala kwenye pikapu njia yote.

Mama sikumwambia. Sikujua kama anajua, na kama hajui sikutaka niwe mimi. Nikaandika wimbo. Brayo alipousoma akasema, "Akinyi, hii nikiimba mimi itakuwa uongo. Imba wewe." Nikaimba nikiwa nimewapa mgongo, nimeangalia nyasi. Hata jina la mtu sikutaja. Nilidhani hiyo inatosha.

Uamuzi mdogo ulioleta yote haya ulikuwa wa kichwa, maana yake nilitikisa kichwa. Ni hivyo tu. Mama alirudi kutoka dukani jioni moja akanikuta nachagua mchele, akaketi bila hata kuvua koti, akasema mteja wa mbolea amemwambia mtoto wake ametoa albamu inavuma, sasa nilikuwa nangoja asikie kwa wateja? Nikaendelea kuchagua mchele. Lazima muelewe kwamba kwa mamangu na wenzake albamu ni kitu cha kanisa. Kwaya ndiyo inatoa albamu. Hawa wengine wanatoa kelele. Na mamake Kibet anajulikana mpaka mjini kwa kufunga na kuomba, kwa hivyo miezi hiyo yote niliyokuwa naenda Kapseret na besi mgongoni Mama alikuwa na picha ya vijana wameshikana mikono wanasifu.

Akaniuliza, "Ni nyimbo za Mungu?"

Kuna wimbo wetu mmoja unaitwa "Mvua ya Kapseret," una neno Mungu ndani yake mara mbili. Nikahesabu hiyo moyoni haraka haraka kama mtu anayetafuta nauli mfukoni, nikaona si uongo mtupu, nikatikisa kichwa kukubali. Na Mama (hii ndiyo inaniuma) akafunika uso kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kidogo, alipotoa mikono macho yalikuwa yamelowa. Akasema alikuwa anafikiri Mungu amemsahau katika hii nyumba. Sasa baada ya hapo ungeanzia wapi kusema ngoja Mama, ni roki.

Kesho yake Mama Sharon alijua, na Mama Sharon akijua jambo, hesabu kwamba Pasta anajua na shemasi anajua na mti wa getini unajua. Alinikuta njiani na Mama, akanishika shavu. "Mama Akinyi, huyu mtoto hana maneno," akamwambia Mama, "kumbe alikuwa anayaweka akiba." Kabla ya Jumapili Pasta ameshatangaza kwamba albamu itazinduliwa na kuwekwa wakfu kanisani, kama inavyofanywa, na hapa kwetu inafanywa kamili: albamu inafungwa utepe inawekwa kwenye sinia, inaombewa, utepe unakatwa, wimbo unachezwa watu wakisimama, halafu keki. Nikamweleza Mama kwamba hii yetu iko mtandaoni tu, haina kitu cha kuweka kwenye sinia. Akasema Pasta hawezi kuwekea mikono mtandao. Akaenda saiba mjini akatengenezewa sidii, juu yake picha yangu ya kipaimara nimefumba macho nimeinua mikono, na bango la kutundika mlangoni limeandikwa "Mtumishi Akinyi na Wenzake." Wenzangu walipoliona, Brayo alicheka mpaka akakaa chini, Kibet hakucheka. Kibet alisema, "Mwambie tu mamako." Nikasema nitamwambia. Nilisema hivyo kila siku.

Badala yake nikapanga. Brayo akaichukua "Mvua ya Kapseret," akapunguza gitaa mpaka zikawa kama za Krismasi, akaiweka peke yake kwenye flashi. Nilimpa Shemasi Ouma, anayeshughulikia vyombo, nikamwambia, kwa sauti niliyodhani ni kubwa, kwamba acheze huo tu. Brayo alitoa hereni. Kibet alikuja na koti la babake. Mimi nilivikwa joho jeupe la kwaya ambalo si langu, lilikuwa linaburuta, na tukawekwa mbele tumeangalia watu wote, jambo ambalo peke yake lingenitosha kuandika mkasa.

Na kusema kweli ilienda vizuri. Pasta aliomba, sinia ikapita, Mama Sharon akakata utepe, "Mvua ya Kapseret" ikachezwa, wazee wakatikisa vichwa kukubali, mama mmoja akainua mkono. Nilianza kupumua. Nikamwona Brayo naye anapumua. Halafu Pasta akampa Mama maiki aseme neno moja la mzazi.

Mama huwa haongei mbele ya watu, haya zangu nilizitoa mahali. Lakini siku hiyo alikuwa amevaa ile suti ya kijani ya harusi za watu, akashika maiki kwa mikono miwili, akashukuru wote waliomsaidia kulea peke yake wakati baba mwenye nyumba yuko mbali akitafuta, na watu wakasema amina. Akasema simu yake ni hii ndogo ya kupiga tu, kwa hivyo yeye mwenyewe hajawahi kusikia albamu ya mtoto wake. "Lakini kuna mmoja wateja wananiambia watoto wa town wote wanauimba," akasema, "unaitwa Juba. Nimefikiri ni wa kumwombea baba yao. Shemasi, tuwekee huo."

Shemasi Ouma akaangalia flashi, haukuwemo. Ningekuwa mtu wa kawaida hapo ndipo ningesema. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwa Mama. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, nikasema "Mama, si huo," na haikutoka sauti, ilitoka hewa. Brayo akaanza kwenda kwa vyombo lakini kijana hakimbii madhabahuni, alikuwa anatembea kwa adabu, na Shemasi Ouma ambaye hataki kuonekana hajui kazi alikuwa ameshaunganisha simu yake, ameshautafuta, ameshaupata, maana ndio wa kwanza kutokea. Hiyo ndiyo faida ya kuvuma.

Gitaa ziliingia kwa nguvu zake zote. Vijana wa viti vya nyuma wakachangamka, wengine wakaanza kuimba, hao wanaujua wote na hawajui ni wa nani. Kina mama wakatabasamu lile tabasamu la kuvumilia. Halafu sauti yangu ikajaa kanisa, sauti ambayo hao watu hawajawahi kunisikia nayo, kubwa, haina haya hata kidogo:

*Juba si mbali, Juba ni hapo tu,*
*ukipanda gari asubuhi, mchana umerudi.*
*Nimekiona kichwa cha mtoto ndani ya kofia yake,*
*akanipa mgongo kana kwamba nimemwomba kitu.*

*Mama hupakua sahani nne, sisi tuko watatu.*
*Ya nne huirudisha sufuriani kabla ya maombi,*
*tena polepole, isitoe mlio.*

Niliwaona wakielewa mmoja baada ya mwingine. Ilianza kwa Mama Sharon, alikuwa bado ana makasi mkononi, akageuza kichwa akamwangalia Mama, halafu wa pembeni yake, halafu safu yote, kama mahindi yakipitiwa na upepo. Vijana nyuma wakaacha kuimba. Pasta akamwonyesha Shemasi kwa mkono akate. Odhis alikuwa amekaa mbele na shati lake jipya, ananiangalia mimi, na yeye ana miaka tisa, sahani anazijua.

Mama hakunitazama. Alikuwa ameshika maiki bado, ameangalia spika, vile mtu anaangalia mlango akisikia hodi. Shemasi alipoinua simu azime, Mama akasema kwa maiki, si kwa ukali, "Wacha iishe."

Ikaisha. Ni wimbo wa dakika nne na sehemu ya mwisho ni gitaa tupu, Brayo anapiga noti moja tu anairudia rudia, sehemu ambayo watu wa Nairobi wanaisifu sana, na nawaambia hakuna kitu kirefu duniani kama hiyo noti ukiwa umesimama na joho mbele ya watu. Ilipokwisha tukasikia mabati yakilia kwa jua. Mama akasafisha koo.

"Mmesikia," akasema. "Baba Akinyi hayuko Juba. Sasa tukate keki."

Na tukakata keki. Hakuna aliyejua la kufanya lingine. Watu walikula wamesimama, kama watu wanaokunywa dawa. Mimi yangu niliishika mpaka krimu ikayeyuka ikaingia kwa mikono ya joho.

Nyumbani Mama alimtuma Odhis maziwa, ingawa maziwa yalikuwepo. Akavua viatu, akakaa kwenye kile kiti kifupi cha jikoni na suti yake ya kijani. Nilidhani atanipiga na nilitamani anipige.

"Ulimwona lini?"

"Siku ya soko. Mwaka jana."

"Alikuwa na yule mdogo?"

Ndipo nikajua. Nikamwambia kumbe ulikuwa unajua, na yeye akaniangalia kama vile nimeuliza kama anajua jina lake. "Juba niliitengeneza mimi, nyathina," akasema. Ananiita hivyo, mtoto wangu, nikiwa mgonjwa tu. "Odhis alikuwa anauliza kila jioni. Na wewe ulikuwa shule, nyinyi hamna huruma kwa wenzenu huko shule. Nikasema wawe na baba wa kazi ya mbali. Huyo wa hapo Ziwa ningembeba mimi."

Nikamwambia na mimi nilinyamaza kwa ajili yake, niliogopa ataumia.

"Sasa sijaumia?" akauliza. Hakungoja jibu. "Ungeniambia hapa. Hapa, Akinyi, mimi na wewe na hii sufuria. Ningelia, ningemaliza, ningeamka nikapike. Sasa nimeambiwa na Shemasi Ouma."

Wiki hiyo kina mama walikuja. Walikuja na sukari na majani ya chai na unga, vile mnavyoenda kwa matanga, wakaketi sebuleni wakaimba kwa sauti ya chini, na Mama Sharon akalia kweli kweli, mtu mzuri yule, akasema angemwombea Baba Akinyi kwa njia nyingine kama angejua. Mama aliwapikia chai. Walipotoka akaiweka ile sukari juu ya kabati na hajaigusa mpaka leo, tunanunua nyingine. Jumapili bado anaenda. Anakaa safu za nyuma. Hakuna aliyemwambia akae huko, na hakuna aliyemwambia arudi mbele.

Nilimwambia nitamwomba Brayo auondoe wimbo. Akaniuliza, "Ukiuondoa, ndiyo Juba itarudi?" Basi uko. Mwezi uliopita tuliupiga Nairobi, na ilipofika mahali pa sahani watu wote wakaimba, wameinua simu zao, wanafurahi, wameshikana mabega, na mimi nikaacha kuimba nikabaki na besi. Walidhani ninawaachia wao kwa makusudi. Walishangilia sana.

Aibu yangu si ile ya kanisani, hiyo nimeizoea, nikipita njiani watu wananyamaza na kwa mtu kama mimi kunyamaziwa si adhabu. Aibu yangu ni kwamba niliweza kuwaambia watu wote duniani jambo la mamangu isipokuwa yeye, nikaita hiyo haya, na ilikuwa woga. Kwa hivyo nimejiwekea kiapo, na ninakiandika hapa mkishuhudia: wimbo wowote nitakaoandika ambao una mtu ndani yake, huyo mtu atausikia kwanza kutoka mdomoni mwangu, nimesimama mbele yake bila besi, sauti itoke isitoke.

Jumanne nimeanza. Nilimwimbia Mama wimbo mmoja mpya, anahusika humo kidogo, alikuwa anachambua sukuma. Niliimba vibaya sana, nikitazama sakafu. Aliendelea kuchambua mpaka mwisho, akasema mstari wa tatu ni uongo, yeye hakuwahi kusema hivyo, niutoe.

Nimeutoa.